Dira Iliyopimwa kwa Kamba

Katika mji mzima hakuna mtu aliyeandika dira nyingi kama Brashi, na hakuna aliyezielewa kidogo kama yeye. Hilo si tusi. Mwenyewe ndiye hulisema, tena hulisema akicheka mpaka anashika kiuno. Kazi yake ni kuandika mabango na kuta. Ukipita shuleni ukakuta "Dira yetu: kuwa chemchemi ya maarifa", ule ni mkono wake. Ukienda ofisi ya maji, ukienda kliniki ya mama na mtoto, zile herufi nene za buluu zenye kivuli cheusi upande wa kulia ni zake. Amewaahidi wananchi ubora, weledi na uadilifu kwenye kila ukuta uliosimama wima, na kwenye baadhi ya kuta zilizoinama.

Kuna mwaka alipata kazi mbili kwa mpigo, ya kliniki na ya machinjio, karatasi zikachanganyika mfukoni. Machinjio wakapata "Kila ajaye kwetu tunampokea kwa upendo na kumhudumia mpaka atabasamu." Kliniki wakapata "Bidhaa safi, uzito halali, kwa wakati." Brashi alipogundua alilala na viatu, akisubiri kukamatwa. Hakuna aliyekuja. Meneja wa machinjio alimpigia simu kumshukuru, akasema maneno yale yamemgusa. Kliniki hawakusema neno, na kwa kweli watoto walikuwa wanapimwa uzito pale. Brashi akajifunza kwamba ukuta husomwa siku ya kwanza tu, na anayeusoma ni yule aliyeuandika.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye mafundi wenzake waliyemchagua awaandikie dira yao.

Karakana yao ni banda refu la bati, mali ya halmashauri. Mwenyekiti wa kikundi ni seremala, mtu mkubwa mwenye sauti ya chini, na randa zake ziko upande wa nyuma. Katikati yuko Mama Sindano, fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwenye ulimi usio na kifuniko. Karibu na choo yuko Babu Soli, fundi viatu, mzee asiyeongea sana kwa sababu kutwa nzima amebana misumari mdomoni. Wengine wapo, kila mtu na kona yake. Na mbele kabisa, kwenye pembe ya mlango mkubwa, penye mwanga na penye soketi pekee ya umeme isiyorusha cheche, hapo ni pa Brashi.

Pembe ile aliipata enzi ambazo mji ulimhitaji. Mtu hakufungua duka bila kupita kwake. Siku hizi ng'ambo ya barabara kuna duka lenye mashine ya kuchapa; mteja anaingia na jina lake, anatoka na turubai lenye picha yake mwenyewe amenyoosha kidole gumba, wakati rangi ya Brashi bado inakorogwa. Brashi alikuwa na maoni yake juu ya mashine hiyo, na aliyatoa kila siku mpaka wenzake wakajifunza kutoitaja mbele yake. "Mashine haina mkono," alikuwa akisema, kisha anakaa kimya ili hoja hiyo iwaingie.

Basi halmashauri ikatangaza kwamba mkataba wa banda unakwisha. Kikundi kitakachotaka kuongezewa miaka kumi lazima kilete dira yake, kieleze kinakwenda wapi na kitafikaje. Kisichokuwa na dira, banda atapewa mwingine. Mwenyekiti akaitisha kikao, akaeleza, watu wakatazamana. Kisha macho yote yakageukia pembe ya mlango.

"Mtaalamu tunaye humu humu," Mwenyekiti akasema. "Dira za mji huu zote zimepita mikononi mwa huyu bwana."

"Zimepita kweli," Mama Sindano akasema. "Kama maji kwenye bomba."

Brashi hiyo hakuisikia. Alikuwa ameshavikwa kilemba cha ukoka, na aliona kimemkaa vizuri. Akasimama, akakohoa, akawaambia dira si kitu cha kukurupukia, dira inataka utulivu, wamwachie yeye. Wakamwachia, na kwa furaha, maana hakuna hata mmoja aliyekuwa anaitaka kazi ile.

Asubuhi yake mtaalamu akaanza kazi. Na alianza na nini? Alianza kwa kupima ukuta. Jamani, watu wengine huanza kwa kufikiri. Yeye alileta ngazi, akaivuta kamba ya chaki kutoka mlangoni hadi mwisho wa banda, akaiinua kidogo katikati na kuiachia, ta, mstari mweupe ukatokea. Akapiga na wa pili juu yake. Maisha yake yote ndivyo alivyofanya: mteja huleta maneno, fundi huyatafutia nafasi. Safari hii maneno hayakuwepo na nafasi ilikuwepo, akaona ni kazi ile ile imegeuzwa tu. Akaanza kutafuta maneno ya kuijaza. "Kuwa kitovu" likaingia vizuri. "Cha ufundi" likaacha pengo, akaongeza "endelevu". Hakujua ufundi huo utaendelea kwenda wapi, ila neno lenyewe lilikuwa na urefu wa kufaa. Mwishoni, karibu na dirisha, pakabaki upenyo. Akajaribu "bora", likacheza kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba. Akaweka "nzima", likakaa.

"Kuwa kitovu cha ufundi endelevu na fahari ya jamii nzima," alimsomea mkewe jioni ile, amesimama katikati ya sebule kana kwamba anahutubia mkutano.

Mkewe alikuwa anakunja nguo. "Nzima ndiyo nini?"

"Jamii. Jamii nzima."

"Kwani mlikuwa mnataka kuwa fahari ya jamii nusu?"

"Pale palikuwa na nafasi, mama watoto."

Mkewe akamtazama, akamaliza kukunja shati lililokuwa mkononi, akachukua jingine. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka mingi, na alijua kichwa chake kikivimba hakina dawa ila kusubiri.

Haikupita wiki, afisa wa halmashauri akaja kukagua. Alikuwa dada mdogo kwa umri, begi mgongoni, raba miguuni. Akamwamkia kila mtu, akaenda hadi kwa Babu Soli kumpa shikamoo yake, mzee akaitikia kwa kichwa kwa sababu ya misumari. Kisha Brashi akampeleka ukutani, akamwonyesha maneno yaliyokwisha kuchorwa kwa penseli, tayari kwa rangi. Afisa akayasoma. Akarudi nyuma, akayasoma tena.

"Ni maneno mazuri," akasema. "Ni ya nani?"

"Ni yetu."

"Sawa. Na nikiyapeleka hospitali nikayabandika kule, yatakataa kukaa?"

Brashi alitaka kucheka, akakumbuka machinjio, akaacha.

"Unisamehe, mzee wangu," afisa akasema. "Mimi sitafuti maneno. Nataka kujua mtu akiingia humu baada ya miaka kumi atakuta nini. Nani yuko wapi, anafanya nini. Waulize wenzako mmoja mmoja. Nitarudi mwisho wa mwezi, na siku hiyo ndiyo ya kuamua."

Akaondoka, na Brashi akabaki na brashi mkononi. Mama Sindano aliyekuwa amesikiliza yote akasema, bila kuinua macho kwenye cherehani, kwamba kwa hiyo wale wa ukuta wa kliniki nao hawakuulizwa. Brashi alijiambia kwamba wataalamu siku zote husumbuliwa na wasomi wadogo, akachukua chupa ya chai, akaanza kuwazungukia wenzake.

Akaanza kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti alionekana kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa swali lile toka azaliwe. Alitaka mashine ya kuranda, alitaka ukuta wa mbao wa kuzuia vumbi lisiingie kwenye vitambaa vya Mama Sindano, alitaka fenicha zipangwe mahali watu wazione. Aliongea mpaka chai ikapoa.

"Na hapa mbele?" Brashi akauliza.

"Hapa mbele," Mwenyekiti akasema, akaushika ubao na kuupuliza vumbi ambalo halikuwepo. "Hapa mbele tutaona."

Mama Sindano naye akafunguka. Aliwaona wasichana wanne kwenye vyerehani vyao, sare za shule zote za mji zikishonwa pale. "Na mtu akitaka sare yenye nembo na jina la shule, asihangaike. Ashonewe humu, na nembo aipate humu humu."

"Kwa nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Brashi kuuona ulimi ule ukitafuta pa kujificha. "Si humu humu," akasema, akaanza kutafuta sindano iliyokuwa imechomekwa kifuani pake.

Babu Soli alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja, na hiyo ilichukua muda wake. "Mimi miaka kumi sijipi," akasema. "Wekeni viti tu. Mteja anasimama kwa mguu mmoja kama korongo wakati nashona kiatu chake, si heshima." Kisha akatazama pembe ya mlango kwa macho ya huruma. "Pale pana umeme mzuri," akasema, akarudisha misumari mdomoni, na mazungumzo yakawa yamekwisha.

Ikawa hivyo kwa kila mtu. Kila aliyeulizwa alieleza vizuri, akafika kwenye pembe ya mlango, akakwama. Mtu wa kawaida angekuwa ameshaelewa. Lakini nyani haoni kundule, na Brashi alielewa kwa namna yake. Alielewa kwamba wenzake wana jambo wanamwonea haya kumwambia. Kwamba kwa kazi kubwa anayowafanyia wameamua kumjengea ofisi. Pale pale penye mwanga. Yenye mlango wake. Kabla hajafika nyumbani siku hiyo alikuwa ameshaichagua rangi ya kibao: Ofisi, Bisha Hodi.

"Wamekwambia?" mkewe akauliza.

"Hawajaniambia. Ndiyo maana najua."

"Baba watoto, umewauliza au umejijibu?"

"Wana haya, mke wangu. Ungewaona."

"Haya wanayo, hilo sibishi," mkewe akasema, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko kawaida.

Siku ya kikao cha kusikia majibu hayo, Brashi alichora ramani ya banda kwa chaki sakafuni, kubwa ya kutembea ndani yake. Akamwonyesha kila mtu mahali pake: hapa mashine ya kuranda, hapa ukuta wa vumbi, hapa wasichana wanne, hapa viti vya Babu Soli. Watu walifurahi, wakawa wanasimama kila mmoja kwenye miaka yake kumi. Mwisho akaenda akasimama kwenye pembe ya mlango, miguu imeungana.

"Na hapa?" akasema. "Semeni, msione haya. Mimi nitapokea." Tena alikuwa ameshauandaa uso wa unyenyekevu wa kupokelea.

Mwenyekiti akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Ndugu yangu," akasema, "hapo sisi tunaona mashine."

"Mashine gani?"

"Ya kuchapa. Mabango, fulana, nembo za sare. Kila siku tunawavusha wateja barabara. Anakuja kwa Mama Sindano, anakwenda kumalizia ng'ambo. Safari nyingine anaanzia ng'ambo moja kwa moja, haji tena. Na umeme wa kuaminika uko hapo. Na mlango mpana ni huo."

Ule uso wa unyenyekevu ukabaki hauna pa kwenda.

"Ni nyote mnaona hivyo?" Brashi akauliza.

Mama Sindano alikuwa anatazama mistari ya chaki. Brashi aliumia, aliumia sana, na mtu akiumia mbele za watu hutafuta haraka kitu cha kusema. Aliwaambia mashine haina mkono. Aliwaambia hawana shukrani. Kwamba bango la kwanza la kila mmoja wao aliliandika yeye, na bila yeye mji huu ungepeleka viatu kwa seremala. Alimwita Mwenyekiti jina ambalo halifai kurudiwa. Kisha akaondoka, na alikusudia kuubamiza mlango mkubwa ili waukumbuke, ila mlango ule ni wa kusukuma pembeni, tena una kutu, ukakwama katikati. Akausukuma, ukagoma. Babu Soli akaacha kiatu chake, akaja kumsaidia kuufunga.

Nyumbani alimwambia mkewe amechukua likizo. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata hiyo, akiitetea brashi mbele ya kuta nne zisizombishia. Kazi aliyokuwa nayo ilikuwa moja, geti la jirani, "Mbwa Mkali". Mbwa mwenyewe alikuwa amekufa muda mrefu. Jirani alitaka tu wezi wasipate habari. Brashi akaliandika geti kwa ustadi wote alionao, na kivuli cheusi upande wa kulia. Aliporudi ndani mikono ikinuka mafuta ya taa, akajitupa kwenye kiti.

"Wananitoa, mama watoto."

"Wamesema uondoke?"

"Wamesema mashine ikae pangu."

"Nimekuuliza, wamesema uondoke?"

Akafikiri. Hawakusema. Labda wangesema, labda wasingesema. Yeye alikuwa ameshaanza kupigana na mlango.

Mkewe akavuta kigoda, akakaa mbele yake. "Umewauliza wote, mpaka yule mzee wa viatu. Na wewe je? Miaka kumi ijayo unajiona wapi?"

Hapo ndipo kinyozi alipokumbuka kwamba hajinyoi. Alifumbua mdomo kujibu, na jibu likaja, ila alilifungia ndani. Alijiona kwenye pembe ile ile, kwenye meza ile ile, nywele zote nyeupe, anakoroga rangi ya buluu na kumtazama mteja anayevuka barabara. Tena wenzake walikuwa pembeni, wakimpisha, wakiongea kwa sauti ya chini kama watu wenye mgonjwa ndani. Picha ile ilikuwa wazi kuliko dira yoyote aliyowahi kuipiga rangi. Aliogopa, akamwambia mkewe ana usingizi.

Siku ya afisa kurudi alijikuta yuko njiani. Alijiambia anafuata vyombo vyake vya kazi, si kitu kingine. Alipofika, mafundi walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya Mwenyekiti, afisa mbele yao na kalamu mkononi. Brashi akasimama mlangoni. Mwenyekiti alikuwa anasoma.

"Kuwa kitovu cha ufundi endelevu na fahari ya jamii nzima," akasoma, akakaa.

Brashi alidhani amesikia vibaya. Akangoja mashine ya kuranda itajwe, vyerehani, viti. Hakikutajwa kitu. Walikuwa wamevitupa vyote, kila mtu na chake, wakarudi kwenye maneno yake yeye ya kuzibia ukuta. Mama Sindano akageuka, akamwona pale mlangoni, akainamisha kichwa haraka kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Hapo Brashi akaelewa, safari hii kweli kweli. Kama mashine haikuweza kutajwa bila kumuumiza, basi wasingetaja chochote. Na yale maneno, aliyoyasikia kwa mara ya kwanza yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, yalikuwa mabaya kupita kiasi. Alitamani kuyafuta kwa kiwiko.

"Haya niliyasoma nilipokuja," afisa akasema. "Tukakubaliana nini?"

"Tuulizane," Mwenyekiti akasema.

"Mliulizana?"

"Tuliulizana."

"Sasa?"

Mwenyekiti alitazama kofia yake. "Tukaona haya yanatosha."

"Hayatoshi, baba. Wapo wengine wanalitaka banda hili, na wao wamekuja na michoro. Mimi nitawateteaje?" Hakuwa na ukali, alionekana kusikitika. Akafunika kalamu, akaanza kufungua zipu ya begi.

"Subiri kidogo, dada," Brashi akasema.

Alipita katikati ya mabenchi bila kumtazama mtu, akaenda kusimama kwenye pembe ya mlango. "Hapa inakaa mashine ya kuchapa," akasema. "Kule nyuma Mwenyekiti ana mashine ya kuranda, na ukuta wa mbao unazuia vumbi lisifike kwa huyu mama. Huyu mama ana wasichana wanne na anashona sare za shule zote. Ikitoka kwake inakuja hapa, inabandikwa nembo, mteja anaondoka nayo, havuki barabara. Akisubiri, anasubiri kwa Babu Soli, kwenye kiti, kiatu chake kinashonwa." Aliendelea hivyo kwa kila fundi. Hakutumia neno hata moja kati ya yale aliyozoea kulipwa kwayo. Afisa alikuwa ameshafunua kalamu tena.

"Na pembe hiyo sasa hivi ni ya nani?" akauliza.

"Yangu."

"Wewe utakuwa wapi?"

Banda lote likamsikiliza. Mtu aliyeutabiria mji mzima mambo makubwa alisimama pale na mikono yake, na rangi ya "Mbwa Mkali" bado iko kwenye kucha.

"Nitakuwepo," akasema.

"Ukifanya nini?"

"Sijui. Mabango ya mkono yanakwisha, naona mwenyewe, mimi si kipofu ingawa nilijitahidi. Labda hiyo mashine nitajifunza. Labda itanishinda, macho yangu si yale ya zamani. Sijui, dada. Ila asubuhi nitakuja. Kuwepo nitakuwepo." Sauti ikamkatika mwishoni, na yeye akaikasirikia.

Mama Sindano akainuka. Akaishika meza yake ya kukatia vitambaa, meza ndefu ya mbao, akaiburuta upande mmoja mpaka miguu ikalia sakafuni. "Ataanzia hapa," akamwambia afisa. "Hii meza ndefu bure."

"Msinihurumie," Brashi akasema.

"Nani akuhurumie, na matusi yote uliyotutukana? Tumekuzoea."

Brashi alikuwa ameandika karibu kila neno zuri ambalo mtu anaweza kuliagiza, na hilo hakuwahi kuletewa. Akalia. Alilia mbele ya afisa wa halmashauri, mtu mzima na ndevu zake, wala hakusingizia vumbi la mbao. Mwenyekiti alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Afisa akaendelea kuandika mpaka mwisho wa ukurasa, akasema hii ataipeleka, na hii anaweza kuitetea.

Mkataba ulikuja baadaye, na mashine ilikuja baadaye zaidi, baada ya vikao ambavyo kila mtu alimtukana kila mtu. Lakini meza ya Brashi ilihamishwa siku ile ile. Mwenyewe ndiye aliyeshikilia hivyo. Alisema anajijua, akilala usiku mmoja tu ataamka na hotuba.

Wakaja watu wanne, kila mmoja akashika pembe yake, wakahesabu, wakanyanyua. Meza haikutoka. Wakadhani ni uzito, wakatoa makopo yote na droo, wakanyanyua tena. Babu Soli akainama kutazama chini, akawaonyesha kwa kidole. Rangi iliyodondoka miaka nenda miaka rudi ilikuwa imeigandisha miguu yote sakafuni, buluu juu ya nyeusi juu ya nyekundu, nene na ngumu kama jiwe. Mwenyekiti akaleta mtaimbo. Akaukaribisha kwenye mguu wa meza, akauondoa, akampa aliyekuwa karibu naye. Na yule akaushika tu, akitazama nje, kana kwamba kuna mtu anamwita barabarani.

"Nipe," Brashi akasema.

Akapiga magoti, akauchomeka mtaimbo chini ya mguu wa kwanza, akaukandamiza kwa uzito wake wote.